Punje Zilizoanguka: Ndege Wadogo, Luther na Baridi ya Hanang

Kipupwe kikiingia Masakta, asubuhi katika nyumba ya mchungaji huwa na kazi moja ya ziada. Kabla ya chai tunamwaga chenga za mahindi kwenye jiwe bapa lililo nyuma ya jiko, tunajaza maji kwenye sahani ya udongo, kisha tunasimama mlangoni, tumejifunika mashuka, tukingoja. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Hanang si ya mchezo. Majani yamekauka, mvua zimekwisha muda mrefu, na upepo unaoshuka kutoka mlimani hupenya hata ndani ya sweta. Jua likichomoza, ndege wanakuja. Wapo wekundu wadogo kama kidole gumba, wale wanaozoea nyua za watu karibu kila mahali nchini. Wapo wenye kifua cha buluu, na madume yao yana doa jekundu shavuni. Wapo shomoro, na wapo mnana wanaogombana kama wanunuzi mnadani. Watoto wetu huwaita wote chiriku, nasi hatuwasahihishi.

Tulianza desturi hii bila kufikiri sana. Mama mchungaji alikuwa akipepeta mahindi, chenga zikaanguka, ndege wakaja. Kesho yake akazimwaga kwa makusudi. Tukaipenda ile nusu saa ya asubuhi. Ilitufundisha kunyamaza mbele za Mungu kuliko vitabu vingi tulivyosoma chuoni. Hata katika mahubiri tukaanza kuwataja ndege wetu, na Wakristo wakacheka kwa upendo.

Kisha mwaka mmoja mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani jioni. Alikaa, akanywa chai, akatuuliza habari za watoto. Ndipo akasema, "Mchungaji, wenzako wanafukuza ndege, wewe unawakaribisha?"

Tulidhani anatania. Tukamjibu kwa utani kwamba ndege wetu wameokoka. Hakucheka. Akatuuliza kama tunamfahamu mjukuu wa bibi jirani yetu, yule mvulana wa mafundisho ya Kipaimara. Tulimfahamu. Katika daftari letu la mahudhurio tulikuwa tumeandika "hayupo" mbele ya jina lake, Jumamosi tatu mfululizo. Hatukuuliza kwa nini. Mzee akatuonyesha kwa kidole, kuvuka ua wetu, dungu lililosimama katikati ya mtama wa bibi uliochelewa kukomaa. Mvulana alikuwa juu ya dungu hilo tangu alfajiri hadi giza, na kombeo mkononi. Tulikuwa tukiliona dungu hilo kila asubuhi. Macho yetu yalipita juu yake yakitafuta chiriku.

Insha hii imezaliwa na jioni ile. Tulitaka kumjibu mzee, na tukagundua kwamba jibu lina historia ndefu: historia ya nafaka, ya ndege, na ya kanisa letu wenyewe.

Tuanze na haki ya mzee. Ndege anayeogopwa na mkulima wa Hanang ana jina: kwelea kwelea. Ni mdogo, uzito wake ni gramu 15 hadi 20 hivi, na dume lake lina mdomo mwekundu. Wataalamu humhesabu kuwa ndege wa mwitu aliye na wingi kuliko wote duniani. Mmoja anaweza kula hadi gramu 10 za punje kwa siku. Hizo ni punje ambazo hakuna mtu angeziona zikipotea. Lakini kundi la ndege milioni moja, ambalo kwao si kundi kubwa, linaweza kula tani 10 kwa siku moja. Shamba la mjane la mtama linakwisha kabla hajamaliza kuita majirani.

Kwa sababu hiyo mababu zetu, Wairaqw na Wanyiramba na wote waliolima nafaka ndogo katika nchi hizi, walijenga madungu na kuwaweka watoto waamie ndege. Ni kazi ya kale kuliko shule na kuliko kanisa. Serikali nazo ziliungana. Mwaka 1962 nchi za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la pamoja la kupambana na nzige wa jangwani, na baadaye ndege zake zikatumika pia kupulizia sumu makundi ya kwelea kwelea, jioni wanaporudi mahali pa kulala. Sumu hiyo huwaua maelfu kwa maelfu. Huwaua pia bundi na mwewe wanaookota mizoga, na ndege wengine wasio na kosa waliolala miti ileile. Jirani zetu wa Kondoa wana njia nyingine: hutega kwelea kwelea kwa vikapu vilivyosukwa kwa majani, wakawala na kuwauza. Hapo adui wa shamba amekuwa kitoweo.

Basi mzee hakukosea. Ndege si pambo tu. Mtu anayewatazama kwa raha akiwa na ghala limejaa asimhukumu anayewatazama kwa hofu akiwa na shamba nusu eka.

Hata hivyo, tulipofungua vitabu, tulikuta kwamba swali la mzee liliwahi kufika hata nyumbani kwa Martin Luther. Mwaka 1534, mwaka uleule Biblia yake nzima ya Kijerumani ilipotoka Wittenberg, mtumishi wake Wolfgang Sieberger aliamua kuwa mtega ndege. Akanunua nyavu kuukuu kwa bei kubwa, akatengeneza uwanja wa kutegea chiriku. Uwanja wa namna hiyo ulifanywa hivi: mahali panasafishwa, punje zinamwagwa, nyavu zinafichwa pembeni, mtu anajificha. Ndege wakishuka kula, kamba inavutwa.

Luther hakumkaripia mtumishi wake. Aliandika barua ya mashtaka, akajifanya kuwa imeandikwa na ndege wenyewe. Ndani yake chiriku na wenzao wanamshtaki Wolfgang mbele ya Daktari Luther. Wanalalamika kwamba anataka kuwanyang'anya uhuru wa kuruka angani na kuokota punje ambazo Mungu amewapa, na hali wao hawajamkosea. Wanasema hawaibi ghalani kama panya. Wao hutafuta makombo na punje moja moja zilizoanguka. Wanaomba azuiwe. Kama haiwezekani, basi angalau amwage punje jioni, na asubuhi asiamke kabla ya saa mbili, ili wao wale na kwenda zao.

Ni barua ya kuchekesha, na Luther alikusudia watu wacheke. Lakini tazameni alichofanya. Uwanja ni uleule, na punje ni zilezile. Kamba ikivutwa, punje ni mtego. Mtu akilala hadi saa mbili, punje ni sadaka. Luther aliwahi pia kufundisha, alipofafanua Hotuba ya Mlimani, kwamba Kristo amewafanya ndege wadogo kuwa walimu wetu, nasi wakubwa tunapaswa kuona aibu kwamba shomoro dhaifu anamtegemea Mungu kuliko daktari wa theolojia. Tulipokuwa chuoni tulilisoma jambo hili tukalipita. Tulilielewa baada ya mzee kutunywesha aibu pamoja na chai yetu wenyewe.

Kutoka Wittenberg imani hii ilienda kaskazini, katika nchi ambako kipupwe chetu kingeitwa joto. Huko Norwe theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi, na ndege mdogo asiyehama anaweza kufa usiku mmoja akikosa chakula cha kutosha mchana. Tangu katikati ya karne ya 18 tuna habari za desturi yao ya Krismasi: wakati wa mavuno mkulima huweka kando mganda mmoja mzuri wa nafaka, na siku ya kuamkia Krismasi huutundika juu ya mti mrefu au kwenye paa la ghala, ili ndege nao wapate karamu. Wao huuita julenek, yaani mganda wa Krismasi. Shomoro na chiriku wa kaskazini hushuka juu yake, na watoto huwatazama kupitia dirishani.

Tusiwafanye Wanorwe kuwa malaika. Wapo miongoni mwao waliosema kwamba ndege wakija wengi kwenye mganda, mwaka ujao utakuwa wa mavuno mengi. Wapo waliotumaini kwamba ndege walioshiba Krismasi wataacha mashamba wakati wa kiangazi. Kwa maneno mengine, hata huko mganda ulikuwa kwa sehemu sadaka na kwa sehemu hesabu. Moyo wa mkulima ni mmoja, Norwe na Hanang. Lakini mkulima yule aliyeuweka mganda kando alipaswa kuuweka wakati wa kuvuna, kabla hajajua kama chakula cha nyumbani kitafika majira ya kuchipua. Hapo ndipo ilipo imani.

Sasa, ndugu msomaji, watu wa desturi hiyo wanatuhusu. Mwaka 1891 Walutheri wa Norwe walianzisha umoja wa misheni kwa ajili ya China. Walifanya kazi huko zaidi ya nusu karne. Milango ya China ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, umoja huo ukatafuta mashamba mengine, na wamisionari wake wakafika kwetu, katika nchi ya Mbulu. Mwaka 1955 hospitali ya Haydom ilifungua milango yake. Wengi wetu tunaosoma kitabu hiki tulizaliwa huko, au mama zetu walitibiwa huko. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, mbegu iliyopandwa na mikono hiyo ilikuwa ndani yake.

Na China walikoondoka, ndege wadogo walipatwa na msiba ambao dunia haijausahau. Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong ilitangaza vita dhidi ya wadudu na wanyama waharibifu wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro alishtakiwa kwa kula nafaka ya wananchi. Watu wa miji na vijiji walitoka na masufuria na ngoma, wakapiga kelele ili shomoro wasitue popote, mpaka waanguke kwa kuchoka. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa. Lakini shomoro hali nafaka tu. Hulisha makinda yake wadudu. Shomoro walipoisha, nzige na wadudu wengine wakaongezeka mashambani. Mwaka 1960 serikali ikamwondoa shomoro kwenye orodha na kumweka kunguni mahali pake. Wakati huo njaa kubwa ilikwisha kuanza, ikiwa na sababu nyingi, nyingi zaidi za kibinadamu kuliko za ndege. Vita vya shomoro viliongeza kuni kwenye moto huo. Mamilioni ya watu walikufa.

Tunalitaja hili kwa sababu mtu akikasirika shambani ni rahisi kusema, "Wafe wote." Ndege mwekundu wa jikoni kwetu si kwelea kwelea. Mnana anayekula mtama Mei anakamata viwavi Desemba. Aliyewaumba anawajua kwa aina zao. Sisi tukiwa na hasira tunawajua kwa jina moja tu, waharibifu.

Lakini historia ya Hanang inatuuliza swali gumu zaidi: ni nani hasa anayemaliza nafaka ya maskini? Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, tambarare za Basotu ziligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la taifa la NAFCO, kwa msaada wa Canada. Yalifika mashamba saba, jumla ya eka laki moja hivi. Nchi ilihitaji mkate, na nia hiyo hatuibezi. Lakini zilikuwa nyanda za malisho za ndugu zetu Wabarabaig, na trekta zililima hata juu ya makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu iliyolipa shirika ushindi. Kwelea kwelea walikuja kwenye ngano hiyo pia, na wakapuliziwa sumu kutoka angani. Lakini ng'ombe wa Mbarabaig aliyepoteza malisho hakuyapoteza kwa sababu ya ndege.

Sheria ya Musa ilijua jambo hili. Katika Mambo ya Walawi 19 na 23 Mungu anamwagiza mwenye shamba asivune pembe zote, wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu Mmoabi aliishi kwa masazo hayo, na katika ukoo wake akazaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Bwana wetu. Punje zilizoanguka zina sehemu katika wokovu wetu. Ndege wa Luther walijitetea kwa hoja hiyohiyo: sisi tunaokota zilizoanguka tu.

Na Yesu mwenyewe alipozungumza juu ya shomoro, hakuzungumza kama mtu anayetazama ndege dirishani. Alizungumza kama mtu aliyepita sokoni. Katika Mathayo 10 shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka 12 watano wanauzwa kwa sarafu mbili. Sarafu hiyo ilikuwa sehemu ya 16 ya dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Shomoro walikuwa nyama ya maskini, kama kwelea kwelea wa Kondoa. Na hesabu inasema: ukinunua wanne, wa tano ni nyongeza. Hana bei. Ni yule ambaye muuzaji hutupia juu ili mteja arudi kesho. Juu ya huyo Yesu anasema kwamba hasahauliki mbele za Mungu. Kisha anawageukia wanafunzi wake na kuwaambia wasiogope, maana wao ni bora kuliko shomoro wengi.

Hapo tulipofika tukaweka kalamu chini. Maana tulikuwa tumemkumbuka shomoro wa tano, na tukamsahau mvulana aliyekuwa juu ya dungu. Bwana alisema mtu ni bora kuliko shomoro wengi, nasi katika daftari letu tulimwandikia "hayupo".

Kesho yake tulikwenda kwa bibi. Tulimsalimu shikamoo, akatuitikia marahaba, akatupa kigoda. Tulimwomba radhi. Yeye alishangaa kuliko kukasirika. Alisema alidhani mchungaji anajua, maana dungu linaonekana kutoka jikoni kwetu. Maneno hayo yalituchoma kuliko kama angetugombeza.

Jumapili iliyofuata tulilipeleka jambo kwa wazee wa kanisa, bila mahubiri. Wakakubaliana kwamba Jumamosi asubuhi vijana wa kwaya na kina baba watapokezana kuamia ndege katika mashamba ya wajane na wazee, ili watoto wa Kipaimara wahudhurie mafundisho. Zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Tulikaa juu ya dungu la bibi tangu alfajiri. Kombeo letu halikumpiga hata ndege mmoja, lakini tulipiga kelele vya kutosha, na hadi saa nne sauti ilikuwa imekauka hata ibada ya kesho yake ikawa taabu kuiongoza. Kutoka juu pale tuliliona jiwe letu bapa nyuma ya jiko, na chiriku wekundu juu yake. Ni mwendo wa dakika mbili.

Hatukuacha kuwalisha. Afisa ugani alitueleza, mzee akiwa anasikiliza, kwamba kwelea kwelea hufuata mvua na mbegu za majani katika nchi pana, hawaitwi na konzi ya chenga nyuma ya jiko. Lakini tulibadilisha mambo matatu. Kwanza, hatumwagi kitu wakati mtama wa jirani unakomaa. Tunangoja hadi wa mwisho uingie ghalani. Pili, tunaosha jiwe na sahani ya maji kila siku, maana ndege wanaokusanyika mahali pachafu huambukizana. Uingereza, tangu mwaka 2005, aina moja ya chiriku wa kijani imepungua sana kwa ugonjwa unaosambaa mahali wanapolishwa. Nasi huku tuna mdondo wa kuku wa kutosha. Tatu, kabla ya kumwaga chenga tunatazama kwanza upande wa dungu.

Mvulana alipata Kipaimara mwaka uliofuata. Siku ya mtihani wa katekisimu tulimwuliza maana ya ombi la nne katika Sala ya Bwana, lile la mkate wa kila siku. Aliijibu vizuri kama ilivyo kitabuni. Kisha akaongeza lake mwenyewe, kwamba mkate ni pamoja na mtu wa kukulindia shamba ukiwa darasani. Mzee wa kanisa, aliyekuwa amekaa nyuma, aliitikia amina kabla yetu.